UZI: Tundu la kasuku linalosafishika bila kumchosha mtu, tulichore kuanzia chini

MpiniWaJembe (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wanaofuga kasuku na wanaotaka kumjengea waliyenaye tundu jipya. Matundu mengi ninayoyaona, ya dukani na ya kuchomelea mtaani, yametengenezwa kwa kuangalia sura ya mbele: kuba juu, nakshi, kimlango kidogo katikati. Atakayelisafisha kila siku hakuulizwa. Mkono haufiki pembeni, trei imekwama, kwa hiyo usafi unaahirishwa na ndege anashinda juu ya kinyesi chake. Pendekezo langu ni tulichore kinyumenyume. Tuanze na trei, tupande kwenye chaga, halafu fito, mabakuli na milango. Umbo la juu lije mwisho kabisa.

Mfano wangu ni wa kasuku wa kijivu mmoja, yule mwenye mkia mwekundu. Ana urefu wa sentimita 33 hivi, uzito wa gramu 400 hadi 500, na akitandaza mabawa anakaribia nusu mita.

Jambo moja kabla ya vipimo. Ndege huyu aliwekwa Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwenye mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Ndani ya nchi nako hafugwi bila kibali. Waulizeni mamlaka za wanyamapori: kwa Tanzania TAWA, kwa Kenya KWS. Tunazungumzia ndege ambaye tayari yupo nyumbani kihalali. Naombeni uzi usigeuke soko.

Sasa mchoro. Ndani upana sentimita 90, kina 60, urefu 120, na miguu inayoliinua tundu mpaka trei iwe usawa wa kiuno. Ukilazimika kuchuchumaa ili uvute trei, utaivuta siku mbili za kwanza tu. Trei ziwe mbili zinazokaa bega kwa bega, kila moja sentimita 45 kwa 60. Sababu ni gazeti: ukilifungua gazeti la kawaida la saizi ndogo linaziba karibu trei nzima, hukati wala hukunji. Unaweka kurasa sita au saba kwa pamoja, kila asubuhi unatoa ya juu tu. Trei ndogo mbili pia zinaingia kwenye sinki. Trei moja kubwa ya 90 lazima uitoe nje.

Juu ya trei kuna chaga, yaani wavu unaomzuia ndege asishuke kuchezea uchafu. Iwe juu ya trei kwa sentimita 8 hadi 10, na nayo ivutike kwa mbele kwenye mfereji wake. Matundu mengi yana chaga iliyochomelewa moja kwa moja, na hapo ndipo kinyesi kinapogandia, kwa sababu huwezi kuipeleka bombani.

Fito za kutulia ziwe za mti halisi, unene tofauti tofauti. Mpera unafaa sana: mgumu, haugawanyiki ovyo, na gamba lake anaweza kulichuna bila madhara. Kwa kasuku huyu unene wa sentimita 2.5 hadi 4. Usiweke ufito juu ya bakuli wala juu ya ufito mwingine. Mwangalieni kasuku anapotaka kujisaidia: anainua mkia na kurudi nyuma kidogo, kwa hiyo kinyesi hakidondoki chini ya miguu yake, kinadondoka nyuma ya ufito. Ukijua hilo utausogeza ufito sentimita 20 au 25 kutoka ukutani, mkia hautagusa vyuma na vyuma havitachafuka.

Mabakuli matatu ya stenlesi, kila moja na kimlango chake kinachofunguka kwa nje, ubadilishe maji na chakula bila kufungua mlango mkubwa. Mlango mkubwa wenyewe uwe karibu upana wote wa mbele. Kigezo changu ni hiki: mtu mzima aingize mabega yote mawili na kugusa pembe ya nyuma kwa sponji.

Ambalo sijaamua ni chuma cha kutumia. Karibuni mchangie.

---

FundiGeji18

Mkuu mchoro umekaa vizuri. Nachomelea mageti na madirisha, na matundu nimeshaletewa mengi, hasa ya kurekebisha. Niongeze ya upande wa karakana.

Skwea paipu ikiwa wazi mwishoni ni nyumba ya mende. Maji ya kuoshea yanaingia ndani, yanakaa, kutu inaanzia ndani unapoona rangi bado nzuri. Ziba kila ncha kwa kipande cha bati, uchomelee kuzunguka pande zote. Mafundi wengi wanapiga nukta mbili wanaacha. Hizo nafasi kati ya nukta na nukta ndizo zinazokusanya unga wa chakula.

Raundi baa zitoboe fremu zikae ndani, au zichomelewe kwa nje ya fremu, na kila kiungo kipigwe grainda mpaka ukipitisha kitambaa hakikwami. Hicho ndicho kipimo changu, kitambaa. Kikikwama nyuzi, uchafu nao utakwama, na ndege anaweza kuumia ulimi.

Nafasi kati ya nondo kwa ndege wa saizi hiyo weka milimita 20 hadi 25. Ukizidisha anaingiza kichwa.

Jambo lingine ni nondo za kulala na za kusimama. Kasuku anapenda kupanda kwa mdomo, anahitaji za kulala. Lakini kila nondo iliyolala ni rafu ya uchafu. Ninavyofanya mimi, pande mbili za kushoto na kulia zina nondo za kulala, mbele na nyuma zinasimama. Anapata ngazi yake, na wewe nusu ya kazi imepungua.

---

MamaShani_Kisauni

Salaam aleikum ndugu zangu. Mie nafuga wadogo, wale bajirika wa Australia, na jirani yangu ana cherero wenye kibali. Je vipimo hivi vinafaa kwa hawa? Naona milimita 20 watatoka wote!

---

MpiniWaJembe

Waaleikum salaam mama. Watatoka kweli, au mbaya zaidi watanasa shingo. Kwa bajirika na cherero nafasi isizidi milimita 12 au 13. Urefu wa tundu nao hauna maana sana kwao kwa kuwa wanaruka kwa kwenda mbele, si kwa kupanda juu. Lirefushe kwa upana. Ila mpango wa trei mbili, chaga ya kuvuta na vimlango vya mabakuli ubaki hivyo hivyo.

---

Mzalendo_wa_Kihonda

Mimi naona mnajipa gharama bure. Wavu wa kuku ule wa kung'aa, mbao nne, bawaba, kazi imekwisha. Babu zetu walifuga hivyo na ndege waliishi.

---

DaktariWaMifugo_TZ

Ndugu Mzalendo, nakuomba usome hili kwa utulivu, maana ndege wanakufa kwa jambo hili na mwenyewe hajui.

Wavu ule unang'aa kwa sababu umepakwa zinki kuzuia kutu. Kuku haupandi wavu kwa mdomo. Kasuku anaupanda, anautafuna, anaulamba siku nzima. Ule unga mweupe na vile vitone vilivyoganda kwenye viungo vya wavu vinabanduka, anavimeza, na zinki inaingia mwilini. Utamwona amelegea, anatapika, kinyesi kinabadilika rangi, anakonda, halafu anadondoka. Kasuku anaficha ugonjwa, kwa hiyo siku utakapomwona amejikunyata manyoya yametuna, mara nyingi ameshaumwa muda mrefu.

Kama huna uwezo wa kitu kingine kwa sasa, chukua brashi ngumu na siki, sugua wavu wote mpaka ule unga na vitone vitoke, suuza kwa maji mengi, uache nje ukauke, kisha rudia. Hiyo inapunguza hatari, haiondoi. Kwa kasuku mwenye mdomo mkubwa sikushauri kabisa.

Mbao nazo kwenye fremu ya tundu zina tatizo la usafi. Zinanyonya mkojo na maji, na huwezi kuziua vimelea. Ufito wa mti unaubadilisha ukichakaa, fremu huibadilishi.

Angalieni pia kufuli na minyororo. Kufuli nyingi zenye rangi ya dhahabu ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Kengele za kuchezea hivyo hivyo, na nyingine za bei ndogo zina risasi.

---

FundiGeji18

Daktari amesema la ndege, mimi niseme la fundi. Chuma chenye zinki ukikichoma kinatoa moshi mweupe, ukiuvuta usiku unapata homa na kutetemeka. Na pale ulipochoma ile zinki imeungua imekuwa magamba. Kwa hiyo kiungo ndicho chenye sumu kuliko sehemu nyingine zote, na kiungo ndicho kasuku anachopenda kukitafuna.

Chaguo zenu ni mbili. Ya kwanza, chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya unga inayookwa kwenye tanuru, nyuzi 180 hadi 200. Muulize muuzaji kama haina risasi wala zinki, na kama anakupaka praima chini muulize praima yenyewe ina nini, maana nyingine ni za zinki. Rangi ya mafuta ya brashi msipake, mdomo unaibandua kama ganda la yai. Ya pili ni stenlesi. Hiyo inachomelewa kwa gesi ya agoni, au kwa vijiti vya stenlesi. Fundi akikuchomea stenlesi kwa vijiti vya kawaida, viungo vyote vitaota kutu na utadhani umeuziwa chuma feki.

---

MpiniWaJembe

Basi kwa mchoro huu tufanye hivi: trei, chaga na mabakuli viwe stenlesi kwa sababu ndivyo vinavyolowa kila siku. Fremu na kuta ziwe chuma chenye rangi ya kuokwa. Mwenye uwezo afanye vyote stenlesi, atakuwa amenunua mara moja.

---

Mzalendo_wa_Kihonda

Nimeelewa daktari, nashukuru. Kumbe ule wavu kwa kuku sawa, kwa kasuku hapana. Nitaanza na siki wakati natafuta chuma.

---

Bweni_Pwani

Mie niko Unguja. Chumvi ya huku inakula kila kitu. Stenlesi ya kawaida, ile namba 304, nayo inatoka madoa ya kutu ikikaa barazani upande wa bahari. 316 ndiyo inayovumilia zaidi lakini bei yake si mchezo. Ninachofanya, tundu naliosha kwa maji ya kawaida na kulifuta kila wiki hata kama halijachafuka, ili chumvi isikae. Na hakikisheni maji hayatuami. Sakafu ya trei iwe na mteremko mdogo kuelekea pembe moja, ukiimimina imwagike yote.

Nina swali. Wengi huku tunatandika mchanga wa pwani chini. Mbona mmeweka gazeti?

---

DaktariWaMifugo_TZ

Swali zuri sana. Gazeti ni kwa ajili ya macho yako.

Kinyesi cha kasuku mzima kina sehemu tatu: kinyesi chenyewe cha kijani au kahawia, sehemu nyeupe kama chaki, na maji safi pembeni. Ukiyaona hayo matatu kwenye karatasi kila asubuhi, unaijua afya ya ndege wako kuliko kwa kumtazama usoni. Nyeupe ikigeuka njano au kijani, maji yakizidi, ukaona damu au mbegu zimetoka nzima, unampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Juu ya mchanga huoni kitu. Mchanga unanyonya yote na kuyaficha.

Vumbi la mbao na maranda nayo siyapendi. Yakilowa yanaota ukungu, na kasuku wa kijivu ni mwepesi wa kuugua mapafu kwa ukungu. Karatasi ikilowa unaitupa.

Na hapa nisisitize jambo linalomhusu msafishaji. Usifagie kinyesi kikavu. Kuna bakteria anaitwa Chlamydia psittaci. Ndege anaweza kuwa naye bila kuonyesha dalili, na binadamu anaambukizwa kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka. Inaanza kama mafua makali, homa, kichwa, kikohozi, na inaweza kufika nimonia. Nyunyizia maji kwanza, kunja karatasi kwa ndani, vaa barakoa. Ukiumwa hivyo mwambie daktari kwamba unafuga kasuku, maana bila hilo hatalifikiria.

---

Mswahili_Muscat

Nawasalimu kutoka Oman. Huku shida kubwa ni unga. Kasuku wa kijivu ana manyoya maalumu yanayosagika kuwa unga mweupe, anautumia kujipaka mwilini. Tuko ndani na kiyoyozi miezi yote ya joto, ule unga unajaa kwenye chujio la kiyoyozi na juu ya makabati. Nimeona msaada kwenye mambo mawili. La kwanza ni kumwogesha, kumnyunyizia maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa wiki. La pili ni paa la tundu liwe bapa na litoke lote. Kuba ni gumu kufuta na unga wote unakaa kule juu.

Na mkiweka tundu nje wakati wa jua kali, chuma kinaunguza miguu. Kivuli kiwe nusu ya tundu angalau, ndege achague mwenyewe.

---

MpiniWaJembe

Umenikumbusha paa, sikulieleza. Tundu zima liwe paneli tano: mbele, nyuma, pande mbili, na paa. Zinaunganishwa kwa bolti za stenlesi na nati za masikio. Kichwa cha bolti kibaki ndani, nati iwe nje mbali na mdomo, maana kasuku anafungua nati kwa ulimi na mdomo bila shida. Siku ya usafi mkubwa unamhamishia kwenye tundu dogo la safari, unafungua bolti, paneli moja moja unazipeleka bombani na kuzisugua zikiwa zimelala chini. Kila paneli mtu mmoja aweze kuibeba. Tundu lililochomelewa zima haliwezi kutoka mlangoni, linaoshewa sebuleni kwa ndoo na kitambaa, na pembe hazitakati kamwe.

---

MamaShani_Kisauni

Na zile sketi za bati zinazozunguka chini ya tundu kuzuia maganda yasimwagike? Nimeona matundu ya dukani yanazo.

---

FundiGeji18

Mie siziwekagi mama, ila mteja akitaka. Zinapanua tundu, zinagonga watu kwenye korido, na zenyewe ni bati nne za ziada za kuosha.

Mswahili_Muscat

Naomba nitofautiane kidogo na fundi. Sakafu ya zulia bila sketi ni adhabu. Kasuku anaokota mbegu, anakula nusu, anaitupa mita nzima. Kama sakafu ni vigae, ondoa sketi. Kama ni zulia, weka, lakini ziwe za kuchomoa kwa kuinua juu, zisifungwe kwa skrubu.

MpiniWaJembe

Nakubaliana na wa Muscat. Sakafu ndiyo iamue.

---

TangaYetu

Wakuu, huku kwetu sisimizi ndio adui. Wanapanda miguuni usiku kufuata papai na mbegu. Tumezoea kuweka miguu ya kabati la chakula kwenye vikopo vya maji. Mnaonaje kwa tundu? Lakini naona wengine wanataka magurudumu, hapo vikopo haviwezekani.

---

MpiniWaJembe

Chagua kulingana na ulipo. Kama nyumba ina sisimizi, miguu ya kawaida na vikopo vyenye maji na sabuni kidogo, na tundu lisiguse ukuta wala pazia, wasipate daraja jingine. Nikiwa na nafasi ningetengeneza kitoroli tofauti cha bapa chenye magurudumu, tundu likae juu yake pamoja na vikopo vyake. Dawa ya kupuliza ya wadudu usiikaribishe chumba kile. Mapafu ya ndege yana mifuko ya hewa inayosambaa mwilini, sumu ya hewani inamwingia haraka kuliko sisi. Hiyo ndiyo sababu tundu lisikae jikoni. Moshi wa mkaa, na kikaango kisichoshika chakula kikiachwa motoni kikapata moto kupita kiasi, vinaua ndege hata akiwa chumba cha pili.

---

Bweni_Pwani

Jiki je? Wengine wanasema inaua ndege, wengine wanasema ndiyo usafi wenyewe.

---

DaktariWaMifugo_TZ

Inafaa, kwa utaratibu. Kwanza sabuni na maji mpaka uchafu wote utoke, kwa sababu Jiki juu ya kinyesi haifanyi kazi. Kisha Jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, iache dakika 10, suuza mpaka harufu iishe, anika juani. Ndege asiwepo chumbani. Usiichanganye kamwe na siki wala na dawa za choo, inatoka gesi ya klorini inayoweza kukudhuru wewe mwenyewe.

Si ya kila siku. Kila siku ni karatasi na mabakuli. Bakuli la maji lioshwe kwa sabuni na kusuguliwa, kwa sababu ule utelezi unaouhisi ndani kwa kidole ni bakteria. Chaga na fito kila wiki. Paneli zote kila mwezi, na hapo ndipo Jiki inaingia.

---

TangaYetu

Na komeo? Wa kwetu anafungua kila kitu.

---

FundiGeji18

Komeo la kusukuma upande mmoja atalijua siku hiyo hiyo. Milango ya kupandisha juu na kushusha nayo siipendi, inaweza kumwangukia shingoni. Tengeneza mlango wa bawaba, komeo lenye hatua mbili: uinue kwanza, ndipo uvute. Juu yake weka kishikizo cha stenlesi cha skrubu, kile wanachotumia mabaharia na wapanda milima. Vimlango vya mabakuli viwekee hivyo hivyo, ndivyo wanavyosahau wengi, na ndege anasukuma bakuli anatokea hapo.

---

Mzalendo_wa_Kihonda

Fundi, nikikuletea mchoro huu unaanza na nini? Nataka nimsimamie fundi wa huku kwetu.

---

FundiGeji18

Mwambie aanze na trei. Zikunjwe kwanza, ukingo wa sentimita 5, ncha za juu zikunjwe kwa nje zisikate mkono. Ziwekwe bega kwa bega chini, achukue vipimo vyake halisi, ndipo akate fremu ya chini kuzifuata, na aache milimita 3 kila upande zisikwame zikipata joto. Afuate chaga. Hapo muite, vuta trei na chaga mwenyewe kwa mkono mmoja mara nyingi uwezavyo. Zikitoka laini, akate paneli. Rangi isubiri mpaka tundu lote limeungwa kwa bolti likasimama bila kuyumba, likafunguliwa tena. Likirudi kutoka kwenye kuoka rangi, lioshe, liache kwenye hewa mpaka lisinuke kabisa kabla hujamwingiza ndege.

Mzalendo_wa_Kihonda

Sawa fundi. Trei naagiza kesho, picha nitaweka hapa hapa zikishakunjwa.